Dalili za kutahadhari nazo kabla ya kumkabidhi wakili kesi yako

NI watu wachache huingia katika afisi ya wakili wakiwa na furaha. Wengi hufika huko wakiwa wamefiwa, wamefutwa kazi, wamegongwa na gari, au wamegundua kwamba shamba walilolinunua kwa jasho la miaka mingi lina hatimiliki nyingine kwa jina la mtu wasiyemjua. Mtu aliye katika hali hiyo hana moyo wa kuuliza maswali mengi. Humwona wakili kama mkombozi, humkabidhi stakabadhi zote alizo nazo, hutia sahihi kila anapoonyeshwa, kisha hurejea nyumbani kungoja simu.

Mara nyingi simu hiyo huja, na kazi hufanywa inavyostahili. Mawakili wengi humu nchini hufanya kazi yao kwa uadilifu. Hata hivyo, wapo wachache ambao humwacha mteja bila kesi na bila pesa, na wapo pia matapeli wasiokuwa mawakili kamwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukichunguza malalamiko ya wateja, utaona kwamba dalili nyingi za hatari hurudi katika jambo moja: mtu anayekwepa maandishi. Hataki kuonyesha cheti, hataki kuandika ada, hatoi risiti, wala hana nambari ya kesi. Makala haya yanaeleza dalili hizo moja baada ya nyingine, na hatua za kuchukua unapoziona.

Je, ni wakili kweli?

Kusomea sheria hakumfanyi mtu kuwa wakili. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawakili, Sura ya 16 ya Sheria za Kenya, anayeruhusiwa kuhudumu kama wakili ni yule aliyeidhinishwa rasmi, jina lake likaandikwa katika orodha ya mawakili, na ambaye ana cheti cha kuhudumu cha mwaka husika. Cheti hicho hutolewa kila mwaka na muda wake humalizika Desemba 31. Kwa hivyo, mtu mwenye shahada ya sheria ambaye hajaidhinishwa, au karani aliyefanya kazi katika afisi ya wakili kwa miaka 20, hana ruhusa ya kukuwakilisha kortini kama wakili hata akiwa mjuzi kiasi gani. Kujifanya wakili ni kosa la jinai.

Kuthibitisha hakugharimu chochote. Chama cha Mawakili nchini, LSK, kina sehemu katika tovuti yake ambapo mwananchi anaweza kuandika jina la wakili na kuona iwapo amesajiliwa na iwapo cheti chake kingali halali. Kila wakili ana nambari yake ya usajili. Iulize, uiandike, kisha uilinganishe na ile iliyo katika rekodi za chama.

Lakini jina pekee halitoshi. Mnamo Oktoba 2023, tawi la Nairobi la LSK lilitoa ilani kuhusu mtu aliyedaiwa kuhudumu kama wakili kwa kutumia rekodi za wakili halisi ambaye majina yao yalifanana. Kwa maelezo ya chama, jambo hilo lilijulikana baada ya wakili huyo halisi kushindwa kuingia katika akaunti yake ili kuomba cheti, na ikabainika kwamba barua pepe na picha zilikuwa zimebadilishwa. Mshukiwa alikanusha mashtaka alipofikishwa kortini. Funzo kwa mteja ni kwamba tovuti ni hatua ya kwanza tu. Fika katika afisi yenyewe, angalia cheti cha mwaka huu, na ukiwa na shaka piga simu kwa LSK kupitia nambari iliyo katika tovuti ya chama, si ile unayopewa na mtu unayemshuku.

Kuna sababu nzito ya kufanya hivyo, hasa katika masuala ya ardhi. Mnamo 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati ya kuhamisha mali haiwi batili kwa sababu tu iliandikwa na wakili ambaye wakati huo hakuwa na cheti cha mwaka. Majaji hawakutaka mteja asiye na hatia aadhibiwe kwa kosa la wakili wake. Lakini mahakama hiyo ilisema pia kwamba hati iliyoandikwa na mtu asiye wakili, au wakili ambaye jina lake limefutwa katika orodha, ni batili kabisa. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kulipia shamba, akapewa makaratasi yenye mihuri mizuri, na makaratasi hayo yasiwe na thamani yoyote.

Angalia pia sehemu ya chini ya kila hati unayopewa. Sheria inamtaka anayeandika hati za aina hii aweke jina na anwani yake. Hati isiyo na jina la aliyeitayarisha ni ishara kwamba mwandishi wake hataki kujulikana.

Wakili anayekutafuta wewe

Ajali ya barabarani ikitokea, majeruhi wengine huanza kutembelewa na watu wasiowajua wakiwa bado wodini. Mgeni huja na fomu, kalamu na maneno matamu. Husema ametumwa na wakili hodari, na kwamba fidia ikicheleweshwa itapotea. Madalali wa aina hii huonekana pia nje ya mahakama, vituo vya polisi na afisi za ardhi.

Sheria ya Mawakili inakataza biashara hii ya kuwindia mawakili wateja kwa malipo. Anayekubali kuvunja sheria ili akupate hana sababu ya kuiheshimu atakapokuwa na pesa zako. Isitoshe, majeruhi aliyetia sahihi fomu tatu za watu watatu anaweza kujikuta na kesi mbili kuhusu ajali moja, na bima ikalipa kupitia kwa wakili asiyemjua hata kwa sura.

Usitie sahihi chochote ukiwa kitandani hospitalini. Muda wa kudai fidia ya majeraha ni miaka mitatu kwa kawaida, kwa hivyo wiki chache za kupona na kushauriana na jamaa hazitakuharibia kesi. Kinachohitaji kufanywa mapema ni kuhakikisha ajali imeripotiwa kwa polisi, na kuhifadhi fomu ya P3, ripoti za daktari na risiti za matibabu.

Ahadi za ushindi

Hakuna wakili anayeweza kukuhakikishia ushindi. Anaweza kukueleza nguvu na udhaifu wa kesi yako, na jinsi mahakama zilivyoamua kesi zinazofanana nayo. Anayesema “hii umeshashinda” kabla hajasoma hata karatasi moja anauza matumaini.

Ahadi ya kiasi cha pesa nayo ipimwe. Katika kesi za ajali, kwa mfano, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inaweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mtu kwa malipo ambayo kampuni ya bima inalazimika kutoa kwa majeruhi au jamaa za marehemu. Mahakama inaweza kutoa fidia kubwa zaidi, lakini ziada hiyo hudaiwa kutoka kwa mwenye gari. Ukiahidiwa Sh10 milioni kutoka kwa bima ya matatu, uliza pesa hizo zitatoka wapi.

Hatari kubwa zaidi ni wakili anayenong’ona kwamba anamfahamu hakimu, na kwamba kuna “kitu kidogo” kinachohitajika ili mambo yaende sawa. Chini ya Sheria ya Kukabiliana na Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Mara nyingi, hata hivyo, hakimu huyo hana habari yoyote, na pesa huishia katika mfuko wa aliyeziomba. Mteja naye hawezi kwenda kushtaki bila kujitia hatiani. Ukisikia maneno hayo, chukua faili yako uondoke.

Ada isiyoandikwa

Wateja wengi huona haya kumuuliza wakili bei. Kuuliza si utovu wa adabu. Sheria inaruhusu wakili na mteja wakubaliane kuhusu ada, lakini mapatano hayo yanapasa kuwa katika maandishi na kutiwa sahihi na mteja. Mahali ambapo hakuna mapatano, ada hukadiriwa kwa kufuata viwango vya malipo ya mawakili vilivyochapishwa na serikali.

Kabla ya kulipa, hakikisha maandishi yanaonyesha kazi gani itafanywa, ada ni kiasi gani, italipwa lini, na iwapo gharama za mahakama, usafiri na wataalamu zimo ndani au ni za ziada. Tofauti kati ya “Sh60,000 za kesi nzima” na “Sh60,000 za kuanzia” imewavunjia watu wengi urafiki na mawakili wao.

Kuna mapatano ambayo sheria haiyatambui kamwe, na wakili anayeyapendekeza anajua hivyo au alipaswa kujua. La kwanza ni lile la kulipwa iwapo tu kesi itashinda, au ada kupanda na kushuka kulingana na ushindi. Wengi hulipenda kwa sababu linaonekana kama msaada kwa maskini, lakini ni batili nchini Kenya. La pili ni wakili kununua sehemu ya kile unachodai, kwa mfano kuandikiwa ekari moja ya shamba linalogombaniwa. La tatu ni karatasi inayosema kwamba wakili hatawajibika hata akifanya kazi kwa uzembe.

Bei ya kutupa pia ni dalili. Wakili haruhusiwi kutoza chini ya viwango vilivyowekwa ili kuwapokonya wenzake wateja. Anayejitolea kukuhamishia ploti kwa bei isiyotosha hata ada za serikali ama si wakili, ama atazidai pesa nyingine baadaye wakati ambapo huwezi tena kurudi nyuma.

Pesa zisizojulikana ziliko

Kanuni za hesabu za mawakili zinawataka waziweke pesa za wateja katika akaunti maalumu ya benki, mbali na pesa za afisi. Amana ya ununuzi wa nyumba si pesa ya wakili. Yeye ni mtunzaji tu. Kwa hivyo, ukiambiwa utume malipo ya ploti kwa nambari ya simu ya kibinafsi ya wakili au ya karani wake, simama hapo kwanza. Omba jina la benki na la akaunti ya wateja, na usiondoke bila risiti yenye jina la kampuni ya wakili, tarehe, kiasi na sababu ya malipo.

Ada za mahakama nazo huenda kwa Idara ya Mahakama na huwa na risiti yake. Ukiambiwa umelipiwa Sh15,000 kortini, omba nakala.

Katika kesi za fidia, hatari hufika mwishoni. Kampuni ya bima kwa kawaida hulipa kupitia kwa wakili, na mteja huletewa hati ya kukubali malipo ili aitie sahihi. Dalili mbaya ni kupewa hati ambayo nafasi ya kiasi cha pesa imeachwa wazi, au kupewa fungu la noti bila maelezo. Una haki ya kuona hukumu au mapatano, kiasi kilicholipwa na bima, na hesabu ya kila shilingi iliyokatwa. Wakili aliyekabidhiwa pesa za mteja kwa kusudi fulani na akashindwa kuzilipa au kuzitolea hesabu kazi ikiisha, ana kosa la jinai chini ya kifungu cha 80 cha Sheria ya Mawakili.

Asiyeuliza maswali

Wakili mwema hukuchosha kwa maswali. Anayekubali kazi kwa dakika tano bila kutaka kujua lolote anafaa kutiliwa shaka.

Chukua mfano wa ununuzi wa shamba. Wakili makini atataka matokeo ya upekuzi katika sajili ya ardhi kabla ya shilingi moja kulipwa. Atauliza iwapo muuzaji ameoa au ameolewa, kwa sababu nyumba au shamba la ndoa haliuzwi bila idhini ya mwenzake. Atauliza iwapo mwenye hatimiliki yuko hai, kwani mali ya marehemu haiuzwi kabla ya mahakama kumteua msimamizi na kuthibitisha mgao. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, atakumbusha kwamba idhini ya bodi ya kusimamia ardhi inapasa kuombwa ndani ya miezi sita tangu mapatano. Asipouliza haya, anaandika mkataba tu.

Muulize pia kama anamwakilisha upande wa pili. Si jambo geni muuzaji na mnunuzi kutumia wakili mmoja ili kupunguza gharama, lakini mzozo ukitokea wakili huyo hawezi kuwatetea wote wawili. Ukiambiwa na muuzaji kwamba lazima utumie wakili wake, tafuta wako.

Kimya, na saa ya sheria inayozidi kuyoyoma

Malalamiko mengi hayahusu wizi. Yanahusu kimya: simu hazipokelewi, karani anasema wakili yuko kortini kila siku, kesi “inaendelea” mwaka baada ya mwaka.

Kuchelewa si lazima liwe kosa la wakili. Mahakama zina mrundiko wa kesi na majaji huhamishwa. Lakini kimya ni hatari kwa sababu haki ya kushtaki ina muda wake. Madai ya mkataba yana miaka sita. Madai ya majeraha na yale ya kufutwa kazi yana miaka mitatu. Ya kurejesha ardhi yana miaka 12. Aliyeharibiwa jina ana mwaka mmoja tu, na anayeidai serikali fidia ya majeraha pia ana mwaka mmoja. Wakili anaweza kukuambia kila mwezi kwamba kesi iko kortini, kumbe hajaisajili, na ukaja kujua siku ambayo mlango umefungwa. Hata kesi iliyosajiliwa inaweza kutupiliwa mbali ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote kuchukuliwa.

Dawa yake ni rahisi. Ndani ya wiki chache za kulipa, omba nambari ya kesi, jina la mahakama, na nakala ya madai yenye muhuri au uthibitisho wa kusajiliwa. Mfumo wa kusajili kesi kwa njia ya kielektroniki ulianza Nairobi mwaka wa 2020 na ukapanuliwa kote nchini mwaka wa 2024, hivyo wakili hana sababu ya kukosa uthibitisho huo. Ukiwa na nambari, unaweza kwenda mwenyewe katika masjala ya mahakama, au kutazama orodha za kesi za siku zinazochapishwa katika mtandao. Anayekataa kukupa nambari ya kesi yako, pengine hana ya kukupa.

Ukishaziona dalili

Anza kwa barua. Eleza unachotaka kujua, weka tarehe, na ubaki na nakala. Mara nyingine barua moja hutosha kuamsha faili iliyolala.

Pili, una haki ya kumbadilisha wakili wakati wowote. Kabla ya hukumu, wakili mpya huwasilisha notisi tu. Baada ya hukumu, huhitajika ruhusa ya mahakama au makubaliano na wakili wa awali. Kumbuka kwamba wakili wa zamani anaweza kuzuilia faili hadi alipwe ada anayodai kihalali. Ukiona ada hiyo imezidi, omba hesabu iliyoandikwa na uipeleke ikadiriwe na afisa wa mahakama. Aidha, wakili hawezi kukushtaki kwa ada kabla ya mwezi mmoja kupita tangu akukabidhi hesabu hiyo.

Tatu, kuna Tume ya Kupokea Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili. Huduma zake hazilipiwi. Andika malalamiko yako, ambatisha nakala za risiti, barua na mapatano, na ueleze unachotaka kifanywe. Tume inaweza kujaribu kuwapatanisha, au kupeleka suala mbele ya Jopo la Nidhamu la mawakili. Jopo hilo lina uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha kwa hadi miaka mitano, kumtoza faini ya hadi Sh1 milioni, kuamuru akulipe fidia ya hadi Sh5 milioni, au kufuta jina lake kabisa. Ikiwa aliyekulaghai si wakili, nenda kwa polisi moja kwa moja, na uwaarifu LSK.

Kushindwa kesi peke yake si thibitisho kwamba wakili amekosa. Katika kila kesi kuna anayeshindwa. Lalamika kuhusu kazi isiyofanywa, pesa zisizotolewa hesabu, au ukweli uliofichwa.

Asiye na uwezo wa kulipa pia asikimbilie matapeli. Madai ya pesa yasiyozidi Sh1 milioni yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, ambapo mtu anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili na uamuzi hutarajiwa ndani ya siku 60. Mashirika kama Kituo cha Sheria na FIDA Kenya husaidia wasiojiweza, na serikali ina Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria chini ya sheria ya 2016.

Kabla ya kutia sahihi

Mwombe wakili wako vitu vitano: nambari yake ya usajili na cheti cha mwaka huu, mapatano ya ada yaliyoandikwa, akaunti ya wateja na risiti ya kila malipo, nambari ya kesi punde inaposajiliwa, na nakala ya kila karatasi unayotia sahihi. Viweke nyumbani katika bahasha moja, na umwambie mtu wa familia mahali ilipo, kwa kuwa kesi huweza kuishi kuliko mwenyewe.

Wakili mwaminifu hatachukia ukimwomba hayo. Yeye mwenyewe, siku zote akiwa kortini, huitisha ushahidi wa maandishi. Atakayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.